Gari la mbio halitengenezwi life mwishoni

Wapenzi wa mbio wana msemo wa zamani: gari bora la mashindano ni lile linalosambaratika mara tu baada ya kuvuka mstari wa mwisho. Wengine husema ni wa Ferdinand Porsche, mbunifu wa magari, wengine ni wa Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus. Unachekesha, lakini hauelezi kazi inavyofanyika.

Una punje ya ukweli. Miaka ya 1980, timu za Formula 1 zilikuwa na injini za turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) za kutumika tu kwenye mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia, zilizochoka baada ya mizunguko michache. Zama hizo zimepita: mwaka 2018 kanuni zilimruhusu dereva injini 3 kwa msimu mzima, na akizidisha alisogezwa nyuma wakati wa kuanza.

Hata kwenye mbio ndefu, si kila mara gari hushindwa kwa sababu ya injini. Kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 2016, Toyota iliongoza hadi zikabaki dakika 3 hivi kumalizika, ikaishiwa nguvu; hitilafu ilikuwa kwenye kiungo cha bomba la hewa ya turbo. Porsche ikashinda.

Ndiyo maana wahandisi huandika saa ambazo kila kipuri kimetumika na kukibadilisha kingali kizima. Majaribioni husaka visumbufu vidogo: hosi, waya, nati iliyolegea, au oili inayokimbilia upande mmoja kwenye kona na kuiacha pampu ikivuta hewa. Dawa ya hilo la mwisho ni kuhifadhi oili kwenye tangi la pembeni, refu na jembamba, badala ya chini ya injini.