Kuchonga silinda hedi nyanda za juu: yanayosemwa gereji na ukweli wake

"Ukipanua tundu la hewa, nguvu inaongezeka."
Inategemea injini itazungushwa hadi wapi. Hewa iliyokwishashika kasi huendelea kujisukuma ndani hata pistoni ikianza kupanda, kabla valvu haijafunga. Tundu likizidi upana, kasi hupungua na sehemu ya hewa hurudi kwenye manifoldi. Ukipanda mlima Kitonga gari linalia tu, halivuti mpaka ushushe gia. Injini za Toyota aina ya 4A-GE za mwanzo zilikuwa na matundu mapana, ikabidi Toyota waweke T-VIS, mfumo wa kufunga njia moja kati ya mbili za kila silinda kwenye mizunguko ya chini. Baadaye wakabana matundu na kuitoa T-VIS, nguvu haikupungua.

Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kushika grainda. Pistoni ya injini hiyo husafiri 77 mm. Kwa mizunguko 7,000 kwa dakika, kasi yake ya wastani ni mita 18 kwa sekunde. Zidisha kwa eneo la silinda (kipenyo 81 mm, yaani 5,153 mm²), gawanya kwa kasi ya hewa unayolenga, tuseme mita 90 kwa sekunde. Unapata 1,030 mm², sawa na duara la 36 mm pale tundu lilipo jembamba zaidi. Ikiishia 5,000, 31 mm zinatosha.

"Mbeya hewa ni nyepesi, basi tuongeze tundu."
Hii ndiyo inayoharibu hedi nyingi. Kwenye mita 1,700 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Dar es Salaam, na injini isiyo na tabo hubaki na nguvu karibu kiasi hicho. Lakini pistoni inavuta ujazo uleule kwa kasi ileile. Kilichopungua ni uzito wa hewa, na grainda haiongezi uzito. Punguza ukubwa wa jeti (vitundu vya petroli) za kabureta, au ongeza kompresheni kwa kuplena hedi, yaani kukwangua uso wake wa chini. Ila gari hilo likishuka pwani injini inaweza kuanza kugonga.

"Sugua ing'ae kama kioo."
Ekzosti, sawa. Upande wa kuingiza, kwenye kabureta, ishia msasa namba 80, maana petroli hutiririka kwenye ukuta laini. Faida kubwa iko milimita 15 za jirani na siti ya valvu, yenye pembe za 30, 45 na 60. Kona ya ndani, pale tundu linapopinda kuelekea valvu, usiilaze: hewa itaachana na ukuta, na ukizidisha utatoboa njia ya maji.

"Benchi la kupima mtiririko wa hewa limesoma namba kubwa."
Kwa inchi ngapi za maji, yaani kwa tofauti gani ya kanieneo? Hedi iliyosoma 100 kwa inchi 10 itasoma 167 kwa inchi 28.