"Waziri Alishajibu Bungeni": Dhana Potofu Kuhusu Maswali ya Wabunge

Kazi yangu ni kufundisha vikundi vya wananchi namna ya kufuatilia bajeti, na kuna kauli moja ambayo masikio yangu yamechoka nayo: "Hilo lilishaisha, Waziri alishajibu bungeni." Huisemi peke yako, mwenyekiti wa kijiji. Wanaisema walimu wastaafu, wanaisema watendaji, wanaisema hata madiwani ambao wao wenyewe hukaa kwenye baraza na kupitisha bajeti ya halmashauri. Kipande cha video kimezunguka WhatsApp, Mbunge kasimama kauliza zahanati itakamilika lini, Naibu Waziri kajibu vizuri, meza zikapigwa. Basi. Tangu siku hiyo kijiji kinasubiri mafundi.

Jibu la Waziri si fedha. Ni maelezo ya Serikali kuhusu jambo fulani kwa siku ile lilipoulizwa. Katiba yetu ya Tanzania, Ibara ya 63(3)(a), inalipatia Bunge mamlaka ya kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kuuliza ni haki, na kujibiwa ni utaratibu. Lakini shilingi ya Serikali haitoki Hazina kwa sababu ya utaratibu huo. Inatoka kwa sababu imeandikwa kwenye vitabu vya bajeti, ikapitishwa, kisha Muswada wa Sheria ya Kuidhinisha Matumizi ya Fedha za Serikali ukapita, na baada ya hayo yote fedha yenyewe ikatolewa kweli. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huisahau. Fungu linaweza kuwa limejaa kwenye karatasi mwezi Julai na Juni inayofuata ikakuta akaunti ya mradi haijaingia kitu.

Ukitaka kujua jibu ulilosikia lina uzito gani, usisikilize makofi. Sikiliza fedha imefika wapi. Waziri akisema Serikali inatambua umuhimu wa kituo cha afya katika kata hiyo, hajaahidi chochote. Wote tunautambua umuhimu huo. Akisema ujenzi utafanyika kadri ya upatikanaji wa fedha, amekwambia kwa heshima kwamba mradi haumo kwenye bajeti. Kwa barabara, upembuzi yakinifu na usanifu wa kina maana yake kuna kazi ya makaratasi, na mkandarasi hajatafutwa bado. Akisema imetengwa shilingi kadhaa katika mwaka wa fedha huu, hapo sasa tunaweza kuzungumza: mradi wa maendeleo tafuta kwenye Kitabu cha Nne cha bajeti, au kwenye bajeti ya halmashauri yako kama fedha inapitia huko. Akisema fedha imeshapelekwa, jibu hilo ndilo linalostahili kukutoa nyumbani. Nenda kwa Mkurugenzi uulize imepokelewa lini, kiasi gani, na imefanya nini.

Na kabla hamjamlaumu Waziri, jiulizeni swali lenyewe liliandikwaje. Nimesoma Taarifa Rasmi za Bunge hadi macho kuuma, na maswali mengi huanza vilevile: "Je, ni lini Serikali itajenga…" Swali la namna hiyo linamfungulia Waziri mlango wa kutokea. Anajibu "kadri ya upatikanaji wa fedha", anakaa, na hajasema uongo. Vikundi vyangu huwa nawaambia wampelekee Mbunge swali lisilo na mlango: katika fedha zilizotengwa mwaka wa fedha uliopita kwa ajili ya umaliziaji wa maboma ya zahanati katika halmashauri yetu, ni kiasi gani kimepelekwa, na ni maboma gani yamekamilika? Swali kama hilo linahitaji tarakimu. Tarakimu ikishatajwa ndani ya Bunge inaandikwa, na mwaka unaofuata mnaweza kumrudia nayo mtu yeyote. Mnaojenga kwa nguvu zenu hadi usawa wa lenta, kisha mkasubiri Serikali ipaue, ninyi ndio mnaohitaji tarakimu hiyo kuliko ahadi.

Chukueni kikokotoo cha wastaafu, yaani kanuni ya kukokotoa mafao yao, kama mfano. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni iliunganishwa, kanuni mpya za mafao zikaleta kelele, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akaagiza utaratibu wa zamani uendelee kwa kipindi cha mpito. Mwaka 2022 kikaja kikokotoo kipya, mkupuo (sehemu ya mafao ambayo mstaafu hulipwa kwa mara moja) wa asilimia 33. Wabunge waliuliza, mawaziri wakajibu, na kila jibu lilipotoka kulikuwa na mwalimu aliyenipigia kusema mambo yamekaa sawa. Hayakuwa yamekaa sawa. Mabadiliko yalitangazwa kwenye hotuba ya bajeti ya Juni 2024: asilimia 40 kwa waliokuwa wakilipwa 50 kabla ya kikokotoo cha 2022, na asilimia 35 kwa waliokuwa kwenye 25. Sisemi maswali hayakusaidia. Yaliliweka jambo mezani, likakataa kufa. Ila mstaafu aliyepanga kumaliza nyumba kwa kutegemea jibu la asubuhi moja alipanga juu ya hewa.

Dhana potofu nyingine nazipitia haraka, maana hazinichoshi kiasi hicho.

"Mbunge alimshtukiza Waziri, ndiyo maana alibabaika." Swali la msingi hupelekwa kwa maandishi mapema, na jibu huandaliwa na wataalamu wa wizara. Naibu Waziri anayelisoma analisoma kwa niaba ya wizara nzima, kwa hiyo msilidharau eti kwa kuwa Waziri mwenyewe hakusimama. Yanayoshtukiza ni maswali ya nyongeza. Aliyeuliza swali la msingi hupewa mawili, na ni kilio changu cha kila mwaka kwamba Waheshimiwa wengi huyatumia kuombea barabara nyingine kabisa badala ya kubana jibu walilopewa sasa hivi. Ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, siku ya Alhamisi, hutakiwa kuwa ya kisera, kwa hiyo msimtume Mbunge wenu akaulize pale habari za kisima kimoja.

"Bunge limfukuze huyu Waziri." Bunge halina uwezo huo. Waziri huteuliwa na Rais, na Rais ndiye anayemwondoa. Anayeweza kupigiwa na Bunge kura ya kutokuwa na imani ni Waziri Mkuu, kwa Ibara ya 53A. Hata hivyo kuhoji kunaweza kumfanya Waziri ashindwe kukaa kitini. Februari 2008, baada ya taarifa ya Kamati Teule ya Bunge kuhusu Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu bila kura kupigwa. Mjadala wa mwaka 2014 kuhusu fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow ulifuatiwa na kuondoka kwa Waziri wa Ardhi, Anna Tibaijuka, Desemba hiyo na kujiuzulu kwa Waziri wa Nishati na Madini, Sospeter Muhongo, Januari 2015.

Huohuo ni ushahidi dhidi ya wanaoniambia kwamba Mbunge wa chama tawala hawezi kuibana Serikali. Kamati ya Richmond iliongozwa na Harrison Mwakyembe, Mbunge wa CCM. Kuweza anaweza. Kama anataka, hilo ni suala la kumuuliza yeye mwenyewe akija jimboni.

"Mbunge kashika shilingi ya Waziri, mshahara wake utakatwa." Hapana, Waziri hakatwi mshahara. Kushika shilingi ni njia ya kanuni ya kulazimisha jambo moja la kisera lijadiliwe wakati mafungu ya wizara yanapitiwa kwenye Kamati ya Matumizi. Mara nyingi Mbunge akipata maelezo hurudisha shilingi yake. Angalieni amepewa maelezo gani, ndipo mshangilie au mnune.

Kuna na ile ya "Mbunge wetu alipinga tozo, tulimsikia." Tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021 zilipitishwa na Bunge hilohilo mwezi mmoja kabla. Zikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba baada ya nchi nzima kupiga kelele. Video ya Mbunge akilalamika Agosti haikuambii alifanya nini Juni. Kura ya bajeti hupigwa kwa kuitwa jina mmoja mmoja na majina huingia kwenye Taarifa Rasmi. Fungueni mkasome.

Mwisho, dhana kwamba Mbunge "mkimya" bungeni hafanyi kazi. Wengine ni wavivu tu, sibishi. Lakini kazi kubwa ya kuwabana watendaji hufanyika kwenye kamati, hasa PAC (Hesabu za Serikali) na LAAC (Hesabu za Serikali za Mitaa), ambako Maafisa Masuuli, yaani watendaji wanaowajibika kwa fedha za taasisi zao, huhojiwa kwa hoja za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) moja baada ya nyingine, bila makofi na bila WhatsApp. Ripoti ya CAG hufika kwa Rais mwishoni mwa Machi na huwasilishwa bungeni Aprili. Tafuteni jina la halmashauri yenu humo, muandike hoja iliyotajwa pamoja na ukurasa wake, mpeni Mbunge wenu kabla wizara inayohusika haijasoma bajeti yake. TAMISEMI, inayosimamia halmashauri, huwa miongoni mwa wizara za mwanzo, kwa hiyo msingoje hadi Mei.