Je, wajua kwa nini neno la kwanza hukudanganya kwenye virai vya Kiingereza?

Juzi barazani hapa Langoni, Lamu, mtoto wa ndugu yangu alinijia na daftari lake. "Ami, 'very old donkeys' ni kirai cha aina gani?" Nikamjibu papo hapo: kielezi, kwani si kimeanza na "very"? Kesho yake akarudi na alama nyekundu ya kosa. Yangu, si yake.

Kirai ni neno au fungu la maneno lenye kazi moja katika sentensi, lisilo na kiima na kiarifu. Vitabu vingi huhesabu vitano: nomino, kitenzi, kivumishi, kielezi na kihusishi.

Sasa tazama: "very old donkeys", "very old", "very slowly". Vyote vimeanza na "very", na kila kimoja kina aina yake: nomino, kivumishi, kielezi. Kinachoamua ni neno kuu, lile ambalo mengine yamekuja kulihudumia: "donkeys", "old", "slowly".

Mbona basi jicho hukimbilia la kwanza? Nashuku Kiswahili chetu. Sisi twasema "punda wazee sana": punda mbele, sifa nyuma yake, "sana" mkiani. Lisome lile fungu la Kiingereza kutoka mwisho kurudi mwanzo, utapata punda wazee sana, neno kwa neno! (Si sheria ya milele, nasi twasema "kila punda".) Ni kama kupanda mashua ya kwenda Manda ukamdhania nahodha ni yule aliyesimama omo, mbele ya chombo, na kamba mkononi. Huyo ni baharia tu. Nahodha yuko tezi, nyuma kabisa, ameshika usukani.

Ila usikimbilie tezi kila mara. Katika "The owner of those donkeys lives in Shela", la mwisho kwenye kirai cha mbele ni "donkeys", na si lenyewe. Kiulize kitenzi: "lives" ina "s", yaitikia mmoja, yaani "owner". Ndio upatanisho uleule wa "jahazi la wavuvi limefika": li- yaitikia jahazi, wavuvi hawamo.

Kirai kihusishi kina utata wake. "On the jetty" kwa umbo ni kihusishi popote ukiweke. Kwa kazi, katika "the donkey on the jetty" chaeleza punda gani, kama kivumishi. Katika "the donkey slept on the jetty" chaeleza alilala wapi, kama kielezi. Vitabu vingine huita kwa umbo, vingine kwa kazi, kwa hiyo majibu mawili yanaweza yote kuwa sahihi.

Na kuna kituko. Mwaka 1987 mwanaisimu Steven Abney, katika tasnifu yake ya udaktari kwenye chuo cha MIT huko Marekani, alitetea kwamba katika fungu kama "the old donkeys" neno kuu ni "the". Wanaisimu wengi wamemfuata, wengine wamekataa. "The", yaani neno la kwanza! Mtoto sijamwambia, mtihani wake bado wataka "donkeys".