Nchi ndogo na balozi za kuazima

"Mwalimu, nchi ya watu 40,000 ina wizara ya mambo ya nje ya kazi gani?"

Darasa likaangua kicheko. Tulikuwa Kurasini, Dar es Salaam, saa nane mchana, feni zinazunguka bila faida, na mada ilikuwa Liechtenstein: kilomita za mraba 160 zilizobanwa kati ya Uswisi na Austria. Siku ya watani wa jadi, taifa zima lingeingia Uwanja wa Mkapa na viti vikabaki. Nilimjibu kijana kwa mkato kwa sababu kipindi kilikuwa kinaisha. Hapa namjibu vizuri.

Wizara tuliyoizoea sisi ina ngazi nyingi. Kuna waziri na naibu wake, kuna katibu mkuu ambaye ndiye afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha za wizara, halafu zinafuata idara za kanda, itifaki, ushirikiano wa kimataifa, na kila idara ina madawati yake. Vaduz, mji mkuu wao, hawana anasa hiyo. Serikali yote ni watu 5, waziri mkuu akiwemo, hivyo kila mmoja hubeba wizara kadhaa. Dominique Hasler, aliyeshika mambo ya nje kuanzia 2021 hadi 2025, alikuwa pia waziri wa elimu na michezo. Kazi ya kila siku iko mikononi mwa ofisi ndogo ya watumishi wa kudumu, na hao hubaki mawaziri wakija na kuondoka. Kikatiba, anayeiwakilisha dola mbele ya mataifa ni mtemi. Tangu 2004 Hans-Adam II alimkabidhi mwanawe Alois shughuli hizo. Mikataba mizito lakini haipiti bila bunge.

Utamu wenyewe uko kwenye balozi. Wana chache mno: Bern, Berlin, Vienna, Brussels, Washington, na uwakilishi kwenye mashirika ya Geneva, Strasbourg na New York. Kwingineko wanaazima. Tangu 1919 Uswisi huwawakilisha pale wasipokuwa na ofisi yao. Kwa hiyo Mliechtenstein akiibiwa pasipoti Kariakoo leo, hahangaiki kutafuta bendera yake Dar es Salaam, kwa sababu haipo. Anapanda bajaji hadi ubalozi wa Uswisi, Kinondoni.

Wanafunzi wangu wengi huona hiyo ni aibu. Mimi naona ni hesabu. Kodi ya jengo, nyumba ya balozi, magari, ada za watoto, vyote hulipwa kabla hujaandika taarifa hata moja. Nimeona nchi kubwa kuliko hiyo zikifungua ubalozi kwa ajili ya picha ya kukata utepe, kisha balozi anabaki na dereva na mhasibu.

Fedha na watu waliookolewa walipelekwa wapi? New York, kwa sehemu kubwa. Liechtenstein iliingia Umoja wa Mataifa mwaka 1990, na ikachagua kushikilia jambo moja: sheria ya kimataifa. Desemba 2016, Baraza la Usalama likiwa limekwama kuhusu Syria, wao na Qatar walipeleka azimio Baraza Kuu la kuunda chombo cha kukusanya ushahidi wa uhalifu mkubwa uliofanyika huko. Kura 105 zilikubali, 15 zilikataa. Aprili 2022 wakaongoza azimio jingine, likapita bila kupigiwa kura: mwenye kura ya turufu, yaani haki ya kuzuia azimio la Baraza la Usalama, akiitumia, Baraza Kuu hukutana ndani ya siku 10 za kazi kulijadili jambo hilo. Turufu haikuondolewa, ila aliyeitumia sasa ana jukwaa la kujieleza mbele ya wote. Mwakilishi wao wa kudumu pale, Christian Wenaweser, alianza kazi hiyo mwaka 2002. Kwetu balozi akikaa kituo kimoja miaka sita, watu huanza kuuliza ana undugu na nani. Lakini azimio la aina hiyo hujengwa na mtu anayejua nani wa kumpigia simu usiku, na nani alikuahidi nini miaka mitano iliyopita.

Kuazima nako kuna bei yake. Afisa wa Uswisi atakusaidia pasipoti yako, atamtembelea raia wako gerezani, lakini taarifa yake ya siasa za Dar es Salaam anaiandikia serikali yake kule Bern. Vaduz haiwezi kumtuma akanong'one na waziri wetu kuhusu kura ya wiki ijayo. Ndiyo maana wakitaka kura ya Tanzania, wanaitafuta New York, kwenye ofisi ya uwakilishi wetu kule.