Dawa za Magonjwa ya Akili: Usizitumie kwa Siri

Mtu anayemeza dawa ya presha hatuoni ajabu akisema wazi. Akiandaliwa chakula atasema "mimi chumvi hapana, natumia dawa", na wenyeji wake watamwelewa. Anayemeza dawa ya akili hufanya kinyume. Anabandua lebo kwenye kibahasha, anahamishia vidonge kwenye kopo la vitamini, na akiulizwa anajibu kwamba ni dawa ya usingizi. Mimi ni mfamasia katika kliniki ya afya ya akili hapa Dar es Salaam, na sababu ya kuficha naielewa, kwa kuwa mitaa yetu ina maneno. Hata hivyo, madhara mengi yanayotufikia kliniki hayaletwi na dawa peke yake. Yanatokea pale dawa inapokutana na mtu asiyejua kwamba ipo: muuzaji wa duka la dawa, daktari wa zahanati, mkunga, mara nyingine mama mzazi wa mgonjwa.

Ninazozungumzia ni dawa wanazopewa watu wenye skizofrenia, baipola na hali nyingine zinazomfanya mtu asikie sauti ambazo wenzake hawazisikii, au ashikilie jambo lisilo na ukweli hata akionyeshwa ushahidi. Ya kwanza kabisa, klopromazini, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952; wazee wa kazi hii bado wanaiita Largactil. Haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958 na mpaka leo ni miongoni mwa dawa tunazozitoa sana. Ipo pia flufenazini, ambayo watu wanaifahamu kama sindano ya mwezi ingawa wengine huchomwa kila baada ya wiki 2. Baadaye zikaja risperidoni, olanzapini na klozapini. Dawa hizi hazimfanyi mtu kuwa teja. Zimewarudisha wengi kazini, darasani na kwenye ndoa zao. Lakini zina nguvu, na zina masharti yake.

Shingo inapojipinda

Kuna tukio tunalolipokea mara kwa mara. Kijana ameanza haloperidoli juzi. Alfajiri shingo inaanza kuvutwa upande, macho yanapanda juu na kugoma kushuka, ulimi unatoka, taya zinakaza mpaka hawezi kutamka neno. Wakati wote huo fahamu anazo, na kila kinachosemwa juu yake anakisikia. Nyumbani tafsiri ni moja: kapandwa na jini. Anaitwa shekhe asome, au mchungaji aje kuweka mikono. Kufika saa tano ndipo bajaji inaingia getini kwetu, mama kakipakata kichwa cha mwanawe kisigonge chuma, shati la kijana limelowa jasho. Anachomwa sindano ya promethazini au nyingine ya kundi la kulegeza misuli, na kwa kawaida ndani ya nusu saa shingo imerudi mahali pake na ameomba maji ya kunywa.

Dua haina ubaya, ila mgonjwa asicheleweshwe kwa ajili yake, kwa sababu misuli ya koo nayo inaweza kukaza na kumziba pumzi. Hali hii huwapata zaidi vijana wa kiume, kuanzia saa chache hadi siku 4 au 5 baada ya kuanza dawa au kupandishiwa dozi. Kwa maoni yangu, hakuna anayepaswa kuondoka na haloperidoli yake ya kwanza dirishani pasipo yeye na ndugu yake kuelezwa haya kwa mdomo. Likitokea, daktari atapunguza dozi, atabadilisha dawa, au ataongeza benzheksoli, ile inayojulikana kwa jina la Artane. Benzheksoli yenyewe hukausha mdomo, hufunga choo na huwachanganya wazee akili, kwa hiyo kila baada ya miezi michache uliza kama bado unaihitaji.

Lingine halionekani kwa macho kirahisi. Mgonjwa anashindwa kutulia: anakaa, anasimama, anazunguka sebuleni usiku kucha, miguu haitaki kukaa mahali pamoja. Ndugu wanaamua kuwa ugonjwa umepanda na wanamwongezea kidonge. Hapo wanamwagia petroli kwenye moto, kwani kidonge hicho ndicho kinachomhangaisha. Wapo wanaohangaika kiasi cha kutamani kufa. Usiongeze dozi nyumbani. Mlete kliniki, na umwambie daktari waziwazi kwamba hali hii imeanza baada ya dawa.

Kutetemeka mikono, mwendo wa kuburuza miguu na udende huja polepole na vinatibika. Midomo na ulimi kutafunatafuna vyenyewe baada ya miezi au miaka ya matumizi ni jambo zito zaidi, maana huweza kubaki hata dawa ikisimamishwa. Ukiona dalili za mwanzo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Homa, na dawa za homa

Mtu akipata homa Dar es Salaam, neno la kwanza ni malaria. Kwa anayetumia dawa hizi ipo homa nyingine, nadra sana, lakini inaua. Joto linapanda, misuli ya mwili mzima inakakamaa, jasho linatiririka, moyo unakwenda mbio, mtu anachanganyikiwa au anaduwaa asijibu, na mkojo unaweza kugeuka rangi ya kahawia. Hutokea zaidi katika wiki 2 za mwanzo au dozi ikipandishwa haraka, japo haina msimu. Hapo dozi inayofuata haimezwi. Mgonjwa apelekwe siku hiyo hiyo hospitali kubwa iliyo karibu, iwe Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, pamoja na vidonge alivyokuwa akimeza. Kipimo cha malaria kifanyike, ndiyo, lakini jibu lake, liwe lipi, lisiwatulize kama mwili umekakamaa. Aliyechomwa sindano ya mwezi dawa iko mwilini kwa wiki kadhaa na haiwezi kutolewa, kwa hiyo tarehe ya sindano ya mwisho itajwe mapokezi.

Malaria nayo ipo kweli, na dawa mseto ya ALu hutumika kwa siku 3. Lumefantrini iliyomo ndani yake, sawa na haloperidoli na klopromazini, inaweza kuchelewesha umeme wa moyo kujipanga kati ya pigo moja na jingine. Azithromaisini, erithromaisini, siprofloksasini, flukonazoli na kwinini zina tabia hiyo hiyo. Watu wengi wanazichanganya na hawaoni kitu. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kuzimia bila sababu, au aliyeharisha na kutapika mpaka potasiamu yake ikashuka, mapigo yanaweza kuvurugika ghafla. Sisemi uache kutibu malaria, kwani malaria iliyoachwa inaua haraka zaidi. Ninachosema ni kwamba ukifika dukani usinyooshe noti na kusema "nipe mseto" tu. Sema: "Natumia haloperidoli, miligramu tano usiku. Hii naweza kuchanganya nayo?" Kama unaona haya kutamka mbele ya foleni, piga picha pakiti ya dawa yako na umwonyeshe kwenye simu. Hakuna atakayesikia.

Kifua kikuu nacho kina habari yake. Rifampisini, mhimili wa matibabu ya TB kwa miezi 6, hulifanya ini livunje haraka haloperidoli, risperidoni na klozapini. Mgonjwa anameza dawa zake zote kwa uaminifu, sauti zinarudi, na nyumbani anaambiwa anatema vidonge. Kinachotakiwa ni kliniki ya TB na kliniki ya akili zifahamiane kupitia kwako, ili dozi irekebishwe, na irekebishwe tena rifampisini ikiisha.

Moshi wa sigara hufanya kazi inayofanana na hiyo kwa olanzapini na klozapini: huzishusha kwenye damu. Mvutaji akiacha ghafla, labda amelazwa au mwezi wa Ramadhani umeingia, ndani ya siku chache dawa inapanda, naye analemewa na usingizi na kizunguzungu; kwa klozapini hata degedege linawezekana. Kuacha sigara ni jambo jema sana. Tujulishe tu kabla. Bangi inaleta ugonjwa wenyewe mlangoni, na pombe, ya chupa au gongo, huzidisha usingizi na kufifisha pumzi.

Klozapini ina sharti lake la pekee. Mwaka 1975 huko Finland watu kadhaa walifariki baada ya chembe nyeupe za damu kushuka mno, na tangu hapo anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara, kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo. Homa au kidonda cha koo kwa mtu wa klozapini ni safari ya maabara siku hiyo hiyo. Choo kufunga pia kisichukuliwe kwa mzaha, maana utumbo unaweza kusimama kabisa.

Jua la Dar na mizani

Dawa hizi, hasa zikiambatana na benzheksoli, huharibu namna mwili unavyojipoza. Januari na Februari, jotoridi likivuka nyuzi 30 na hewa imejaa unyevu, anayebeba mizigo Kariakoo au kushinda juani kwenye biashara ya barabarani anaweza kuanguka kabla hajahisi kiu. Anywe maji kabla ya kiu na atafute kivuli mchana. Klopromazini kwa upande wake huifanya ngozi iungue kwa jua, hata ngozi nyeusi, kwa hiyo kofia na mikono mirefu. Dawa hiyo hiyo hushusha presha mtu anaposimama ghafla. Ukiamka, keti kwanza ukingoni mwa kitanda. Dereva wa bodaboda asishike usukani mpaka ajue dawa inamlaza kiasi gani.

Uzito ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu watu huupokea kwa furaha. Mgonjwa aliyedhoofu anaanza olanzapini, njaa inamwamka, mashavu yanajaa, na jirani anasema amependeza. Wakati huohuo sukari na mafuta ya damu vinapanda. Pima uzito, mzunguko wa kiuno, presha na sukari kabla ya kuanza, halafu baada ya miezi 3, na walau kila mwaka. Soda na sahani ya chipsi za usiku ndizo za kuanza kupunguza, kwani njaa ya dawa hii hupenda sukari na mafuta.

Kwa akina mama na dada: haloperidoli na risperidoni zinaweza kusimamisha hedhi au kuleta maziwa kwa asiyenyonyesha. Hedhi kusimama hakumaanishi huwezi kushika mimba, na mimba ikiingia usiache dawa mwenyewe. Mkunga na daktari wa akili wazungumze. Wanaume nao hupungukiwa nguvu za kiume au huvimba matiti, wanaona aibu kusema, wanaacha dawa kimyakimya. Semeni, dozi au dawa inabadilishika.

Vidonge vya mjukuu visitumike kumtuliza bibi aliyepoteza kumbukumbu. Mwaka 2005 kwa zile mpya, na mwaka 2008 kwa zile za zamani, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa hizi huongeza hatari ya kifo kwa wazee wa hali hiyo.

Siri ya jikoni

Ipo siri ya upande wa pili. Mgonjwa anakataa dawa, na dada anasaga kidonge anakitia kwenye uji. Naijua hali inayowafikisha hapo: usiku bila usingizi, majirani wanalalamika, kijana ametishia kumpiga baba. Lakini asipomaliza uji hujui kapata kiasi gani; mtoto akiuonja ni sumu; na akichomwa sindano kliniki siku hiyo, anabeba dozi 2 ambazo daktari hazijui. Akija kugundua, hatakula tena chakula cha nyumba hiyo, na kumrejesha kwenye matibabu inakuwa kazi ngumu zaidi. Njooni kliniki hata bila yeye mtueleze hali ilivyo. Mara nyingi anayekataa vidonge kila siku hukubali sindano moja kwa mwezi, na mara nyingi anachokataa ni dhara fulani ambalo hakuna aliyemuuliza.

Anayetaka kuacha kwa kuwa amepona naye aje. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, huku mtu mmoja nyumbani akiangalia usingizi wake, kwa sababu usingizi ukipotea siku 2 au 3 mfululizo ugonjwa mara nyingi uko njiani. Dozi ukiisahau, meza utakapokumbuka kama muda haujaenda sana. Usimeze 2 kwa mpigo. Na dhara usilolielewa mwombe mfamasia au muuguzi aliripoti TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, akiandika jina la dawa na namba ya toleo. Namba hiyo iko kwenye pakiti, kwa hiyo pakiti usiitupe.