Picha ya uwanja wa vita: ilimaanisha nini enzi za bamba la kioo

Katika karne ya 19, picha ya uwanja wa vita haikuwa picha ya watu wakipigana. Ilikuwa picha ya mahali walipopigania, iliyopigwa bunduki zikiwa zimenyamaza. Ndiyo maana picha za makaburi ya askari zimo katika kundi hilohilo: kaburi halitikisiki.

Kisa ni kioo. Mpiga picha alimimina kolodioni, uji mzito unaonuka etha, juu ya bamba la kioo, akalichovya kwenye maji ya nitrati ya fedha, akalitia kwenye kamera likiwa bichi, na ilimbidi asafishe picha yake kabla bamba halijakauka. Dakika kama 10 hivi, basi. Kamera yenyewe ilikaa wazi kwa sekunde kadhaa. Anayekimbia aliacha ukungu, au asionekane kabisa.

Mwingereza Roger Fenton alikwenda Crimea, rasi ya Bahari Nyeusi ambako Uingereza na washirika wake walikuwa wakipigana na Urusi, mwaka 1855 na gari la farasi lililokuwa la muuza mvinyo, akaligeuza chumba cha giza. Alirudi na picha zaidi ya 300: maofisa, mahema, bandari ya Balaklava, makaburi ya kilima cha Cathcart. Maiti, hakuna hata mmoja. Picha yake maarufu kuliko zote ni ya bonde tupu lililojaa matufe ya mizinga. Kwa kweli ziko mbili, zimepigwa kutoka palepale. Katika moja barabara ni nyeupe, matufe yamelala mtaroni. Katika nyingine yametapakaa barabarani. Ipi ilitangulia? Vijiwe vya mteremkoni ndivyo vilivyojibu: kwenye picha yenye matufe barabarani vimeporomoka kidogo, kwa hiyo barabara tupu ndiyo ya kwanza, na matufe yalipandishwa baadaye. Mimi simlaumu sana. Ni chuma tu kilichosogezwa.

Maiti walikuja kuonekana Marekani, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alexander Gardner alipiga picha za wafu wa Antietam siku chache baada ya mapigano ya tarehe 17 Septemba 1862, zikaonyeshwa New York katika jumba la picha la Mathew Brady. Mwaka uliofuata, huko Gettysburg, maiti wa kijana mmoja yumo katika picha za sehemu mbili tofauti. Alibebwa hadi kwenye maficho ya mawe, akaegemezewa bunduki, na maelezo yakamwita mdunguaji. Bunduki yenyewe haikuwa ya wadunguaji.