Zima, washa upya: yanayoaminiwa kuhusu amri ya shutdown, na ukweli wake

Miaka michache iliyopita nilikuwa nafundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari. Mashine zilikuwa ishirini, zote Windows 7, na umeme ulikuwa wa mgao. Siku moja tulijua utakatika saa tisa na nusu alasiri. Saa tisa na robo nikapita mashine moja baada ya nyingine nikiandika kwenye dirisha la amri `shutdown /s /t 600`, yaani zima baada ya sekunde 600. Nikawaambia wanafunzi waendelee bila hofu, muda ukifika mashine itawauliza kama wanataka kuhifadhi kazi.

Haikuuliza. Skrini zikafungwa mstari mzima. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa na ukurasa wa HTML, yaani wa tovuti, kwenye programu ya kuandikia iitwayo Notepad, kazi ya vipindi viwili, hajauhifadhi hata mara moja. Alibaki ameshika kipanya akiniangalia. Nilikuwa nimemfundisha dhana potofu kwa sauti ya uhakika, na tangu siku hiyo amri hii siipiti juujuu. Naanza na kosa langu mwenyewe.

"Ukiipa muda, programu zitauliza kwanza"

Mtu akisikia dakika kumi anaona huo ni upole kuliko kuzima papo hapo. Kwa Windows ni kinyume. Ukiweka `/t` na namba yoyote iliyozidi sifuri, Windows inahesabu kwamba umeandika na `/f`, yaani funga programu kwa nguvu bila kumngoja mtu. Usipoandika `/t` kabisa, inachukua sekunde 30, na kwa kuwa 30 imezidi sifuri, mambo ni yale yale.

Inayouliza ni `shutdown /s /t 0` bila `/f`. Hapo programu yenye kazi isiyohifadhiwa, kama Notepad ya Windows 7, inazuia mashine isizimike, jina lake linatokea kwenye skrini, nawe una nafasi ya kughairi na kurudi kuhifadhi.

Kwa hiyo ule muda ni wa watu, programu hazihusiki nao. Ukiutoa, watu wajue umetolewa. Windows inakubali ujumbe wa hadi herufi 512 baada ya `/c`:

`shutdown /s /t 600 /c "Hifadhini kazi sasa hivi. Mashine inazima baada ya dakika 10 na haitauliza."`

Maneno ya mwisho, "haitauliza", ndiyo ninayoyasisitiza siku hizi. Na kama mtu hajamaliza, `shutdown /a` inafuta agizo lote, ilimradi muda haujaisha.

"Kuzima kwa amri ni sawa na kuchomoa waya"

Baada ya kisa changu mtu anaweza kudhani hivyo, lakini sivyo. Hata programu zikifungwa kwa nguvu, mfumo wenyewe unaendelea na utaratibu wake: unasimamisha huduma (programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia) na kuandika kwenye diski data iliyokuwa bado inasubiri kwenye RAM, kumbukumbu ya muda. Waya ukichomolewa hakuna linalofanyika kati ya hayo.

Kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, utaratibu huu unaonekana kwa macho. Mifumo mingi ya Linux ya sasa inatumia systemd, programu inayosimamia kuwasha na kuzima huduma. Kila huduma inaambiwa kwanza ijifunge yenyewe, kisha inasubiriwa, kwa kawaida hadi sekunde 90. Ikigoma, ndipo inauawa. Ukiona nyota nyekundu zinakwenda na kurudi kwenye skrini nyeusi, na pembeni saa inahesabu kuelekea dakika moja na nusu, mashine haijaganda. Inamsubiri mmoja aliyechelewa. Wengi hapo hushikilia kitufe cha kuwashia hadi izime, na huko ndiko kuchomoa waya kwenyewe. Amri iliyo karibu na waya ni `reboot -ff`, ambayo haisimamishi huduma wala haiachanishi diski kwa usalama. Iache kwa siku ambayo hakuna njia nyingine.

Na ukitaka kujua mashine ilizimwaje, Windows inaweka kumbukumbu. Fungua Event Viewer, sehemu ya System. Tukio 1074 linakutajia aliyeagiza na programu aliyotumia. Ukikuta 6008 au 41, mashine ilikatika bila kuaga.

"Kuzima na kuwasha ni sawa na kuwasha upya"

Hii wanaisema hata mafundi: "Izime halafu uiwashe." Ilikuwa kweli hadi Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 na kitu kinachoitwa Fast Startup. Kikiwa kimewashwa, ukizima kwa kubofya menyu, programu zako zinafungwa lakini kiini cha mfumo pamoja na viendeshi vyake (programu ndogo zinazoendesha vifaa) vinahifadhiwa kwenye diski, na kesho vinarudishwa kama vilivyokuwa. Kiendeshi cha printa kilichokorofika jana kinaamka kikiwa kimekorofika vilevile.

Ushahidi unao mwenyewe. Fungua Task Manager, nenda Performance, chagua CPU, tazama Up time, muda tangu kiini kilipoanza. Nimewahi kuona siku 23 kwenye laptopu ambayo mwenyewe aliapa huizima kila jioni. Alikuwa anasema kweli.

Kuwasha upya hakupiti njia hiyo ya mkato. Kiini kinaanza upya kabisa. Amri nayo inatofautiana na menyu: `shutdown /s` inazima kikamilifu, isipokuwa umeongeza `/hybrid`. Kwa hiyo kwa hitilafu isiyoeleweka, mwambie mtu awashe upya, au aandike amri. Wenye Windows na Linux kwenye diski moja wanahusika zaidi, kwa sababu Windows iliyozimwa nusu huiacha sehemu yake ya diski katika hali ambayo Linux inakataa kuiandikia.

"Namba tano ni tano popote"

Kwenye Windows, `/t 5` ni sekunde tano. Kwenye Linux, `shutdown -r +5` (`-r` ni kuwasha upya) ni dakika tano. Neno `shutdown` peke yake kwenye Windows linakuletea maelezo ya msaada tu. Kwenye Linux yenye systemd ni agizo kamili: mashine inazima baada ya dakika moja, na una muda huohuo wa kukimbilia `shutdown -c`.

Linux inakubali pia saa, na hapa sisi wenye saa za Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Unataka seva, kompyuta inayohudumia nyingine, iwashwe upya saa nne usiku, mkono unaandika `shutdown -r 4:00`. Kwa mashine hiyo ni saa kumi alfajiri. Saa nne usiku ni `22:00`. Na hata ukiandika sawa, seva nyingi za kukodi zimewekwa saa za UTC, saa za marejeo za dunia, ambazo ziko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa tatu. `22:00` yake ni saa saba usiku yako. Andika `date` kwanza usome inachosema. Ni neno moja tu.

"Mtu yeyote kwenye Wi-Fi yetu anaweza kunizimia"

Hapana. Windows ina `shutdown /m` ya kuzima mashine ya mbali, ila anayeagiza lazima awe na haki ya msimamizi kwenye mashine inayozimwa, na ukuta wa mtandao (firewall) uwe umeruhusu. Kama ofisi nzima inatumia nywila moja ya msimamizi, basi ndiyo, lakini hapo tatizo ni nywila.

"Nimeizima kwa amri, nitaiwasha kwa amri"

Ukiwa umeingia kwenye seva ya mbali kwa SSH, njia ya kuandika amri kwenye mashine nyingine kupitia mtandao, `-r` na `-h` zinatofautiana kwa herufi moja tu. Ya kwanza inakurudishia seva baada ya muda mfupi. Ya pili inaizima, na pamoja nayo inazima kile kilichokuwa kinasikiliza amri zako. Itakayoiwasha ni paneli ya kampuni inayokukodishia, au Wake-on-LAN (kuamsha mashine kupitia mtandao) kama iliandaliwa mapema, au IPMI (kifaa cha kuisimamia seva hata ikiwa imezimwa) kama mashine inayo, au mkono wa mtu.

Kuna kosa baya zaidi, la kudhani uko kwenye laptopu yako kumbe dirisha ni la seva. Kwenye Debian na Ubuntu, aina mbili za Linux, sakinisha programu ya ulinzi iitwayo molly-guard. Ukiagiza kuzima ukiwa ndani ya SSH, inakutaka uandike jina la mashine, na ukikosea inakataa. Kwa mashine isiyo nayo, andika `hostname` (inataja jina la mashine) na usome jibu kabla ya kugusa amri ya kuzima.

Nimewahi kumpigia mlinzi wa zamu saa sita usiku nikamwelekeza, mlango kwa mlango, hadi kwenye kabati lenye seva, kisha kwenye sanduku la tatu kutoka chini, kitufe cha kulia, abonyeze mara moja tu na asikishikilie.